Mchezo na Utatuzi wa Matatizo: Kutoka Bao la Kete hadi Gemu za Kompyuta katika Pwani ya Kusini ya Kenya

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: je, uchezaji wa michezo ya kompyuta, ambayo vijana wetu huiita gemu, unaweza kusaidia kutatua matatizo ya kweli ya maisha? Aghalabu swali hili huulizwa na wazazi kwa hasira, na hujibiwa na wafanyabiashara kwa matangazo. Hapa tutajaribu kulijibu kwa utulivu. Tutaanza na maana ya neno mchezo katika Kiswahili. Tutapima mifano michache inayojulikana ulimwenguni. Na hatimaye tutauliza mifano hiyo ina faida gani kwa wavuvi na vijana wa Diani, Msambweni na Shimoni, katika Kaunti ya Kwale.

Sababu ya kulishughulikia swali hili ni tukio dogo. Wakati wa likizo mwandishi alikuwa ameketi katika diko la Mwaepe, Diani, akiwatazama wazee wakicheza bao. Ulikuwa msimu wa kusi. Bahari ya nje ilikuwa imechafuka na vyombo vingi vilikuwa vimepandishwa pwani. Mzee mmoja mvuvi alimlalamikia mwandishi juu ya mjukuu wake, ambaye siku nyingine haendi shule bali hushinda katika kibanda cha gemu mjini Ukunda, akicheza mpira wa kwenye televisheni.

"Mwalimu, wewe umesoma hadi ng'ambo," alisema. "Hebu nambie, mchezo ule una faida gani?"

"Na huu wenu je, mzee wangu?"

"Huu unafunza akili."

"Akili ya kufanyia nini, mzee?"

Mzee alicheka, akasomba kete zake, asijibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na pia la kulijibu swali ambalo yeye mwenyewe aliliacha njiani.

2. Neno mchezo

Katika Kiswahili kitenzi kucheza kina mawanda mapana. Watu hucheza mpira, hucheza ngoma, hucheza bao na hucheza karata. Msumari usiokaza nao hucheza, yaani una nafasi ya kusogea. Mwali huchezwa unyago, na hapo neno linahusu mafunzo mazito ya utu uzima. Kadhalika watu hucheza upatu, na sehemu nyingine upatu wenyewe huitwa mchezo. Katika upatu wanawake kumi, mathalan, hutoa kiasi kilekile cha fedha kila juma, na kila juma mmoja wao huchukua fedha zote. Kwa njia hiyo mtu asiyeweza kupata mtaji benki hupata mtaji kwa zamu. Huu ni mchezo wenye kanuni, wachezaji na zamu, na tatizo unalolitatua ni la kweli kabisa.

Hata hivyo, neno hilohilo hubeba dharau. Mtu akiambiwa asilete mchezo, ameambiwa aache upuuzi. Kwa hiyo lugha yetu haikuamua kwamba mchezo ni adui wa kazi, wala haikuamua kwamba kila mchezo una maana. Iliacha mlango wazi.

Tukizikusanya maana hizi tunaweza kupendekeza fasili ifuatayo: mchezo ni nafasi iliyowekewa mipaka na kanuni, ambamo mtu anaweza kujaribu na kukosea bila kuangamia. Anayetegua fumbo la chui, mbuzi na majani, ambavyo lazima vivushwe mto kwa mtumbwi usiobeba vyote, anaweza kumpoteza mbuzi mara kumi katika mawazo yake kabla ya kupata njia. Mbuzi wa kweli hapotei hata mara moja. Thamani ya mchezo, kama ipo, inaanzia hapo.

3. Bao na dai la kunoa akili

Dai linalosikika zaidi, kwa wazee wa bao na kwa wauza gemu vilevile, ni kwamba mchezo hunoa akili. Dai hili linahitaji kupimwa.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, katika safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, na kete 64. Mchezo huanza kwa namu, wakati kila mchezaji ana kete 22 mkononi za kuingiza moja moja. Namu ikiisha huingia mtaji, ambapo kete zilizo ubaoni tu ndizo zinazotembea. Mkono mmoja wa mtaji unaweza kuzunguka shimo baada ya shimo, na fundi huona mwisho wake kabla hajagusa kete. Mtaalamu wa Kiholanzi Alexander de Voogt, aliyewachunguza mafundi wa bao wa Unguja na kuchapisha utafiti wake mwaka 1995, alionyesha jinsi uwezo huo wa kukokotoa ulivyo mkubwa.

Lakini je, uwezo huo huhamia kwenye mambo mengine? Mwaka 1973 wanasaikolojia wa Kimarekani William Chase na Herbert Simon walichapisha utafiti juu ya wachezaji wa sataranji. Mabingwa walipoonyeshwa kwa sekunde chache sataranji iliyopangwa kama katika mchezo halisi, walikumbuka mahali pa kete nyingi kuliko wanagenzi. Kete zilipotawanywa ovyo, ubora wao juu ya wanagenzi ulikaribia kutoweka. Kumbe walichokuwa nacho ni ujuzi wa sataranji yenyewe, na si kumbukumbu yenye nguvu kwa kila jambo.

Wapo wanaotaja utafiti wa madaktari wa upasuaji 33 uliochapishwa Marekani mwaka 2007, ambao ulionyesha kwamba waliowahi kucheza gemu kwa zaidi ya saa tatu kwa juma walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika mazoezi ya upasuaji wa kutumia kamera. Hatuna sababu ya kuukataa. Lakini tuone kwamba upasuaji wa namna hiyo hufanywa kwa mikono huku macho yakitazama kioo, kama gemu yenyewe; kazi hizo mbili ni majirani. Tena utafiti huo hauonyeshi kama gemu ndiyo iliyowapa madaktari wepesi wa mikono, au wenye mikono myepesi ndio waliovutwa na gemu. Kijana anayewafunga wenzake wote katika kibanda cha Ukunda amejifunza jambo, ila jambo hilo kwa sehemu kubwa ni kucheza gemu ileile.

4. Njia tatu za mchezo kugusa ulimwengu

Tukiliweka kando dai la kunoa akili, tunabaki na mifano yenye nguvu zaidi. Mifano hii si ya aina moja, na kuichanganya ndiko kunakoleta ubishi usiokwisha.

Aina ya kwanza ni ile ambayo mchezaji hupata jibu. Mwandishi alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ng'ambo, alikaa bweni moja na mwanafunzi wa biokemia aliyekesha akikunjakunja umbo la rangi kwenye kompyuta. Mwandishi alidhani ni uvivu. Baadaye alifahamu kwamba mchezo ule ulikuwa Foldit, uliotolewa mwaka 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle. Protini ni kama uzi mrefu unaojikunja. Kazi yake mwilini hutegemea umbo la mkunjo, na kulitambua umbo hilo ni kazi ngumu. Foldit ilimpa mtu yeyote uzi aukunje, na kumpa alama kulingana na ubora wa mkunjo. Mwaka 2011 ilichapishwa habari kwamba wachezaji wake, wengi wao wasio wanasayansi, walisaidia kupata umbo la kimeng'enya cha virusi vinavyowapa kima ugonjwa unaofanana na UKIMWI. Wataalamu walikuwa wamelitafuta umbo hilo kwa zaidi ya miaka kumi; wachezaji walilikaribia kwa muda usiozidi majuma matatu.

Huu ni ushindi wa kweli, lakini una mipaka. Ulifaulu kwa sababu kila jaribio liliweza kupimwa mara moja kwa alama, na kwa sababu jibu lilikuwa moja likingoja kupatikana. Tatizo la namna hiyo hatimaye huweza kufanywa na mashine. Tangu mwaka 2020 programu ya AlphaFold imekuwa ikibashiri maumbo ya protini kwa usahihi ambao haukuwahi kuonekana. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2024 ilitolewa kwa Demis Hassabis na John Jumper walioiunda, pamoja na David Baker, ambaye maabara yake ndimo ilimozaliwa Foldit.

Aina ya pili ni ile ambayo mchezaji hupimwa. Mwaka 2016 ulitolewa mchezo wa simu uitwao Sea Hero Quest. Mchezaji huonyeshwa ramani, kisha ramani hufichwa naye huongoza chombo majini akitafuta maboya. Watu zaidi ya milioni 4 waliucheza, na nyendo zao ziliwasaidia watafiti kuelewa jinsi watu wanavyotambua njia, uwezo ambao hudhoofika mapema katika baadhi ya magonjwa ya kusahau uzeeni. Moja ya matokeo, lililochapishwa mwaka 2022, ni kwamba kwa wastani waliokulia nje ya miji walitambua njia vizuri zaidi kuliko waliokulia mijini, hasa miji yenye barabara zilizonyooka kama miraba. Hapa wachezaji hawakutatua chochote. Uchezaji wao ulikuwa data ya kazi ya wengine.

Aina ya tatu ni ile ambayo wachezaji hupatana, na mfano wake uko kwetu Kenya. Mwaka 2012 Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, liliungana na kampuni ya Mojang ya Uswidi katika mpango uitwao Block by Block. Kampuni hiyo ndiyo iliyounda gemu ya Minecraft, ambayo mchezaji hujenga lolote kwa matofali ya mraba. Kiwanja cha michezo cha Silanga, Kibera, kilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza pa majaribio. Katika mpango huu wakazi hukutana, hulitembelea eneo, kisha hukaa katika vikundi na kulijenga ndani ya gemu kama wanavyotaka liwe: njia ipite wapi, taa ziwekwe wapi, maji ya mvua yaelekezwe wapi. Mtu asiyeweza kusoma mchoro wa mhandisi anaweza kuona ukuta unaojengwa mbele ya macho yake na kusema hapana. Baada ya hapo ndipo wasanifu huchora ramani ya kazi.

Tuone tofauti. Kibera haikukosa watu wenye akili ya kujua mahali pa kuweka taa. Ilichohitaji ni mahali pa kutazama pamoja jambo moja kabla fedha hazijatumika.

5. Tatizo la samaki wa Kwale

Sasa turejee dikoni. Miongoni mwa matatizo ya pwani ya kusini ya Kenya, lililo kongwe na linalouma ni kupungua kwa samaki wa ndani ya mwamba. Wavuvi wengi wana mitumbwi na ngalawa zisizoweza kutoka nje ya mwamba wakati wa kusi. Hivyo wote hurundikana katika maji yaleyale. Tafi, anayekula majani ya bahari, na pono, anayekwangua mwani juu ya matumbawe, huvuliwa kabla hawajazaa. Juya, wavu unaokokotwa hadi pwani, huzoa wakubwa na wachanga pamoja, tena hukwaruza sakafu ya bahari.

Hakuna mvuvi asiyeyajua haya. Serikali nayo inayajua: ilipiga marufuku juya na bunduki za kuvulia samaki mwaka 2001, ilhali juya liliendelea kuonekana. Kabla ya hapo, mwaka 1995, eneo la Diani hadi Chale lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya bahari. Wavuvi walilipinga tangazo hilo na hifadhi ikabaki zaidi katika karatasi. Kwa upande mwingine, baada ya kanuni za mwaka 2007 kuvipa nguvu vikundi vya kusimamia ufuo, ambavyo wavuvi huviita BMU, vijiji kama Wasini, Mkwiro na Kibuyuni vilijitengea sehemu za bahari zisizovuliwa, zinazoitwa tengefu. Mafanikio yake hayalingani kila mahali, lakini mipaka yake iliwekwa na watu wanaoijua.

Kwa hiyo tatizo hili halikosi jibu. Linakosa mapatano. Ni tatizo la aina ya tatu, wala si la aina ya kwanza. Hakuna alama ya juu inayongoja kupatikana na kijana mmoja hodari.

Mchezo wa kulionyesha tatizo hili umekuwapo kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980 Dennis Meadows, mmoja wa waandishi wa kitabu maarufu cha mwaka 1972 juu ya mipaka ya ukuaji wa uchumi, alibuni mchezo uitwao Fish Banks, ambao wachezaji huwa makampuni ya uvuvi. Mara nyingi wachezaji huimaliza bahari, pamoja na kwamba kila mmoja wao ni mtu mwenye akili.

Na bao letu je? Hapa ndipo tunapoona kwamba kanuni za mchezo hubeba picha ya ulimwengu. Katika bao kete ni 64 mwanzo na 64 mwisho. Hazizai. Ninachokula mimi umekipoteza wewe. Aliyelelewa na bao peke yake hufunzwa kwamba busara ni kuwahi kula. Kanuni hiyo ni sahihi ubaoni na ni ya hatari baharini.

Tukabuni, kwa kete zilezile, mchezo mwingine. Kete 64 huwekwa pamoja, nazo ni samaki. Wavuvi ni wanne. Kila msimu kila mmoja huchota idadi anayotaka. Kisha kila kete mbili zilizobaki huzaa moja, lakini bahari haipokei zaidi ya 64. Wakichota 5 kila mmoja, hubaki 44, huzaliwa 22, na bahari hujaa tena. Wanaweza kuendelea hivyo milele. Wakichota 8 kila mmoja, msimu wa pili huanza na kete 48, wa tatu na 24, na huo ndio wa mwisho. Kila mmoja atakuwa amepata kete 22 kwa jumla, ilhali aliyechota 5 kwa msimu hufikisha 25 katika msimu wa tano na bado bahari imejaa. La kutisha zaidi ni wachotao 6. Kwao bahari huanza misimu inayofuata na kete 60, kisha 54, kisha 45, kisha 31, kisha 10. Tofauti ni kete moja tu kwa kila mvuvi, na msimu wa kwanza hakuna anayeona kasoro.

Tuliujaribu mchezo huu mchangani, mwandishi na wazee watatu. Mara ya kwanza tulichota kwa siri, na bahari ikaisha msimu wa tatu, kwa kicheko kingi na lawama kidogo. Mara ya pili mzee yule aliyelalamika juu ya mjukuu alitaka iongezwe kanuni moja: kila mtu afumbue mkono wake kabla kete hazijahesabiwa. Mchezo ulidumu hadi tukachoka. Ndipo mwenzake akasema neno ambalo mwandishi hana jibu lake: "Sawa, sisi wanne tumeonana mikono. Na yule mwenye juya anayetoka mbali, ambaye hayumo katika mchezo huu?"

6. Lugha ya mchezo

Neno hilo la mzee linatuonyesha mpaka wa mchezo: hufunga wale waliokubali kucheza. Wanaobaki nje yahitaji sheria, na sheria yahitaji nguvu ya serikali. Lakini lipo kundi jingine linalobaki nje kwa sababu ya lugha, na hilo ni jukumu letu sisi walimu wa lugha za Kiafrika.

Gemu zinazochezwa vibandani huzungumza Kiingereza. Kijana hujifunza kubonyeza bila kuelewa kanuni, na asiyeelewa kanuni hawezi kuihoji. Mzee wa Mwaepe aliweza kuongeza kanuni kwa sababu mchezo ulielezwa kwa maneno yake: kusi, mwamba, tafi, kuchota. Mhandisi wa kompyuta anaweza kuuingiza mchezo ule katika simu. Hawezi kuuandikia kanuni za kweli bila msamiati wa wavuvi, wa Kiswahili na wa Kidigo, ambao kwa kila mwamba na kila majira una neno lake. Msamiati huo haujakusanywa kikamilifu, na wenye kuujua wanazeeka. Yafaa idara zetu ziukusanye, na pamoja nao istilahi za bao na za michezo mingine ya watoto, kama sehemu ya kazi ya kawaida ya utafiti.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mchezo wa kompyuta unaweza kusaidia kutatua matatizo ya kweli kwa njia tatu: kumpa mchezaji jibu linalopimika, kumfanya mchezaji awe kipimo, na kuwakutanisha watu mbele ya tatizo lao. Dai la nne, kwamba mchezo wowote hunoa akili kwa jambo lolote, ndilo dhaifu kuliko yote. Kwa pwani ya Kwale njia ya tatu ndiyo yenye matumaini, kwa sharti kwamba kanuni ziafikiane na bahari ilivyo, kwamba wenye tatizo wawe ndio wachezaji, na kwamba lugha iwe yao.

Kwa mzee wetu jibu ni hili. Hofu yake kwa mjukuu si ya bure: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kuingizwa kwa uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa, nao hutambulika pale mchezo unapomshinda mtu na kuharibu masomo, kazi na maisha yake. Kijana anayeacha shule kwa ajili ya mpira wa kwenye televisheni hatatui tatizo lolote, na arudishwe darasani. Lakini siku atakapokaa mchangani na babu yake, kete 64 kati yao na mikono imefumbuliwa, wote wawili watakuwa wanacheza, na hakuna hata mmoja wao atakayekuwa anapoteza wakati.